Mtwara: Korosho Ndiyo Fundi Mkuu

Wadau, kabla hujamcheka mtu wa Rahaleo anayelala kwenye pagala, ijue kwanza historia yake.

Mji wa Mtwara ulikuzwa na mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947. Bandari na reli zikaanza kujengwa, karanga zikagoma, na mwaka 1951 mpango ukafa. Watu wakabaki na mji wao. Zao lililokuja kuubeba mkoa ni korosho, na korosho hulipa kwa msimu. Ndiyo maana nyumba nazo hukarabatiwa kwa msimu.

Msimu huu makuti yanashuka, bati linapanda. Ujao, sakafu. Unaofuata, ripu. Hela ya kupanga kwingine hakuna, kwa hiyo vyombo vinahamishwa chumba hadi chumba, na baba anajifunza kuchanganya zege kwa kumtazama fundi.

Mwaka 2015 kiwanda cha saruji cha Dangote kikazinduliwa hapa hapa Mtwara. Saruji ikawa jirani, lakini bila hela ya korosho unaiangalia tu. Mwishoni mwa 2018 wakulima waligomea bei ya wanunuzi, Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likasomba mzigo. Wengi walisubiri malipo hadi 2019. Sasa fikiria aliyekuwa ameshashusha makuti. Mvua haisubiri malipo!

Kwa anayeanza: usibomoe kwa hela ya ahadi. Anza na paa, na chumba kimoja kibaki kizima cha kulala.

Vipi, kwenu mlianza na nini?