Kutoka Nyangi Hadi Mekatilili

Leo tuongee historia ya gemu.

Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya kompyuta kuhusu mwanamke anayetafuta vitu vya kale vya Afrika. Mwaka 2009 yeye na Mghana Eyram Tawia wakaanzisha Leti Arts, wakageukia simu za mkononi, maana ndizo watu walizokuwa nazo. Mwaka 2014 ikaja Africa's Legends: Ananse na Shaka, kila mmoja na hadithi yake, wakakutana kwenye kioo kimoja.

Kwa programu hilo si gumu. Injini ni ileile, unabadilisha picha na uwezo wa mhusika. Kazi ni kumjua shujaa mwenyewe. Huku kwetu Jilore tunaye Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 aliwaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, akakamatwa, akapelekwa mpaka Kisii, kisha akarudi Pwani. Safari hiyo ni gemu ya kuruka vikwazo tayari! Katikati tia michezo midogo, kama kufuata midundo ya kifudu, ngoma aliyokusanyia watu.

Wazee wanaoisimulia wanapungua. Tukingoja, watoto wetu watamjua Mario peke yake. Nani anajua kuchora?