Maria Sibylla Merian na Ua la Tausi

Ipo picha moja ya ua ambayo niliitazama kwa miaka kadhaa kabla ya kuyasoma maneno yaliyoandikwa kando yake. Ni picha ya 45 katika kitabu kilichochapishwa Amsterdam mwaka 1705. Humo limechorwa tawi la mmea ambao siku hizi hupandwa kuwa pambo katika nchi nyingi za joto, na pwani yetu ni mojawapo. Majani yake ni madogo madogo, yamepangika kama ya mkwaju. Maua yake ni mekundu yaliyochanganyika na manjano, na nyuzi zake ndefu zimetokeza nje mithili ya kishungi cha tausi. Kiwavi wa kijani yumo tawini, na nondo mkubwa ameruka karibu yake. Niliipenda picha ile kwa uzuri wake tu. Nilipokuja kuyasoma maneno, ndipo nilipotambua kwamba miaka yote ile nilikuwa sijaiona.

Mchoraji wake ni Maria Sibylla Merian. Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 2 Aprili 1647. Baba yake, Matthäus Merian, alikuwa mchongaji wa picha na mchapishaji wa vitabu aliyevuma, lakini alifariki mwaka 1650, binti akiwa na umri wa miaka mitatu. Mama akaolewa na Jacob Marrel, mchoraji wa maua, na huyu baba wa kambo ndiye aliyemtia binti brashi mkononi. Katika nyumba hiyo alijifunza kazi ya rangi za maji juu ya ngozi laini ya ndama, na kazi ya kuchonga picha katika bamba la shaba ili zipate kuchapwa. Chuo hakwenda. Milango ya vyuo vya Ulaya ilikuwa imefungwa kwa wanawake, na Kilatini, lugha ya wanazuoni wa zama zile, haikuwa lugha yake ya kuandikia. Vitabu vyake vya mwanzo aliviandika kwa Kijerumani, lugha ya nyumbani na sokoni.

Alipokuwa na miaka 13 alianza kufuga viwavi wa hariri. Akawalisha majani, akawaangalia wakijisokotea vifukofuko, akangoja mpaka nondo watoke. Kwetu sasa hilo ni somo la watoto wa shule. Wakati ule watu wengi, wasomi wakiwamo, walishikilia kauli kongwe iliyotoka kwa Aristotle kwamba wadudu huzuka wenyewe katika matope na vitu vilivyooza. Francesco Redi wa Italia alichapisha majaribio yake ya kuipinga kauli hiyo mwaka 1668, ilhali binti wa Frankfurt alikuwa amekwisha kuanza kutazama kwa macho yake miaka minane kabla. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mwaka 1665 aliolewa na Johann Andreas Graff, mwanafunzi wa baba yake wa kambo, na baadaye wakahamia Nuremberg. Alijaliwa mabinti wawili, Johanna Helena mwaka 1668 na Dorothea Maria mwaka 1678. Huko alifundisha wasichana kuchora na kudarizi, na baina ya mwaka 1675 na 1680 akatoa vitabu vya picha za maua vilivyotumiwa na wanawake kama vielelezo vya kudarizi. Maua hayo yanapendeza, lakini ni maua yaliyokwisha kukatwa. Wadudu wachache waliomo ni wa kupamba tu.

Kitabu chake cha viwavi cha mwaka 1679 kilikuwa jambo jingine kabisa. Kina picha 50, na karibu kila moja inasimulia maisha mazima: mmea, mayai juu ya jani, kiwavi atafunaye jani hilohilo, kifukofuko, kisha kipepeo au nondo. Kabla yake, aghalabu mmea ulichorwa peke yake katika kitabu cha mimea, na mdudu akachorwa peke yake katika kitabu cha wadudu, kana kwamba hawajapata kukutana. Merian aliwarejesha pamoja. Jani limechorwa na tundu lililotafunwa, kwa sababu tundu lile nalo ni sehemu ya habari. Katika picha zake mmea haupo kwa ajili ya macho yetu tu. Upo yupo anayeutegemea kwa chakula chake, na mchoraji anataka tumjue huyo ni nani.

Ndoa yake haikudumu. Karibu na mwaka 1685 alimwacha mumewe, akaenda pamoja na mama yake na mabinti zake kuishi na jumuiya ya Walabadi, Wakristo waliojitenga na dunia katika kasri moja huko Friesland, kaskazini ya Uholanzi. Kasri hilo lilikuwa mali ya jamaa ya gavana wa Suriname, koloni la Waholanzi katika Amerika ya Kusini, na Walabadi nao walikuwa na shamba huko. Mama yake alipofariki, Merian alihamia Amsterdam mwaka 1691. Mji ule ulikuwa umejaa hazina zilizoletwa na majahazi ya biashara: makombe, ndege waliokaushwa, vipepeo waliochomwa sindano ndani ya masanduku ya kioo. Matajiri walijivunia makusanyo hayo. Merian aliyaangalia akaona upungufu wake. Vipepeo walikuwapo, lakini hapakuwa na wa kumwambia walikuwa viwavi wa namna gani, wala walikula majani gani.

Basi akaamua kwenda kutazama mwenyewe. Akauza picha zake, akaandika wasia, na mwezi wa Juni 1699, akiwa na miaka 52, akapanda merikebu kwenda Suriname pamoja na Dorothea, binti yake mdogo, aliyekuwa na miaka 21. Hakutumwa na serikali wala kampuni. Alikaa huko muda wa miaka miwili, akiingia mwituni, akipanda mto hadi shamba la Walabadi, akifuga viwavi nyumbani na kuchora katika joto kali. Walowezi walimcheka kwa kutafuta kitu kingine kisichokuwa sukari. Mwaka 1701 maradhi yalimlazimisha kurudi Uholanzi.

Matunda ya safari hiyo ni kitabu chake kikubwa, Metamorphosis insectorum Surinamensium, chenye picha 60, kilichotoka kwa Kiholanzi na kwa Kilatini. Msomaji wa pwani akikifungua atadhani ameingia katika shamba la kwao. Picha ya kwanza ni nanasi, na mende wanatambaa juu yake. Kurasa nyingine zina muhogo, mpapai, mpera na mkorosho. Hii si sadfa. Mimea hiyo ni asili yake Amerika, na ilifika kwetu kwa njia ya bahari baada ya Wareno kuanza kuvuka huku na huko. Tulivyoizoea hatuioni tena kuwa migeni. Merian anatuonesha mimea hiyo ikiwa kwao, pamoja na wadudu waliokua nayo.

Caspar Commelin, mtaalamu wa bustani ya mimea ya Amsterdam, ndiye aliyeongeza majina ya kitaalamu. Merian mwenyewe alieleza kwamba ameyaacha majina ya mimea kama yanavyotamkwa na watu wa huko. Mimi niliye mfasiri, uamuzi huo nauthamini sana, kwa kuwa jina ni ushahidi wa mazungumzo. Ili ujue mmea unaitwaje, lazima umuulize mtu, na mtu huyo akujibu.

Ni watu gani waliomjibu? Hapa ndipo tunaporudi kwenye picha ya 45, ua la tausi. Kando ya picha hiyo Merian anaeleza kwamba mbegu za mmea huu zilitumiwa na wanawake wenyeji asilia wa Amerika, waliofanywa watumwa na kutendewa vibaya na Waholanzi, ili kuharibu mimba, watoto wao wasizaliwe utumwani. Kisha anawataja Waafrika waliotekwa kutoka Guinea na Angola. Anasema hao nao wasipotendewa kwa upole hawatazaa, na kwamba baadhi yao hujiua kwa uzito wa mateso, wakiamini kuwa watazaliwa tena katika nchi yao, miongoni mwa jamaa zao, wakiwa huru. Na anamaliza kwa kusema kwamba habari hizo alielezwa na wao wenyewe.

Maneno hayo hayazidi aya moja. Yako katika kitabu cha wadudu, baina ya kiwavi na nondo, na mwandishi hakupaza sauti. Hata hivyo, ni nadra katika maandishi ya Ulaya ya wakati ule kukuta ushahidi wa wanawake watumwa ukitolewa kuwa ni kauli yao. Namna yake ya kuchora ndiyo iliyomfikisha hapo. Mtu aliyezoea kuuliza ni nani anayeishi na mmea huu, hawezi kuishia kwenye kiwavi. Ua la tausi lilikuwa na kiwavi wake, na lilikuwa pia na wanawake wake.

Lakini tusimtukuze kupita kiasi. Merian alikosoa jinsi watumwa walivyotendewa, ila yeye mwenyewe aliishi kwa kazi yao. Kitabuni anawataja watumwa wake waliomfyekea njia msituni kwa mashoka na kumletea mimea na wadudu. Aliporudi Amsterdam alifuatana na mwanamke mwenyeji wa Amerika. Orodha ya abiria wa merikebu inamtaja mwanamke huyo bila jina. Majina ya miti aliyahifadhi. Majina ya watu waliomtajia miti hiyo hakuyaandika.

Merian alifariki Amsterdam tarehe 13 Januari 1717. Peter Mkuu wa Urusi alinunua sehemu kubwa ya michoro yake, na Dorothea akahamia St. Petersburg kuendeleza kazi ya kuchora. Katika karne ya 19 wataalamu kadhaa walimdhihaki. Ni kweli alikosea mahali, kwa mfano alipomchora kiwavi na kipepeo asiyekuwa wake. Walimcheka pia kwa picha ya 18, inayoonesha buibui mkubwa akimla ndege mdogo sana, anayefanana na chozi wetu, juu ya tawi la mpera. Kisha mwaka 1863 Henry Walter Bates, aliyekaa miaka 11 katika bonde la Amazon, akachapisha kwamba amemwona kwa macho yake buibui wa namna hiyo akiwa na ndege aliowaua. Kuanzia mwaka 1992 sura ya Merian iliwekwa juu ya noti ya mark 500 ya Ujerumani, hadi noti hizo zilipoondolewa kwa kuja yuro.

Na ua lenyewe? Lilivuka bahari. Mbegu zake zilipandwa katika bustani za mimea za Ulaya, na baadaye likaenea katika nchi za joto duniani kote kwa ajili ya uzuri wake. Mwanahistoria Londa Schiebinger, katika kitabu alichokitoa mwaka 2004, ameonesha kwamba ua lilipokelewa, lakini elimu ya wanawake wale juu yake haikupokelewa katika vitabu vya tiba vya Ulaya. Wakusanyaji walilichukua tawi wakaiacha habari. Ndivyo nami nilivyofanya kwa miaka kadhaa nilipokuwa nikiitazama picha bila ya maneno yake.

Aya hiyo ya picha ya 45, pamoja na kurasa ambamo Merian anataja wasaidizi wake, nimezitafsiri kwa Kiswahili kwa matumizi yangu, na maneno mawili yalinishika mkono. La kwanza ni lile analowaitia watu waliomfyekea njia. Kalamu ilitaka kuandika "watumishi wangu", kwa kuwa ni neno la adabu zaidi. Sisi wa visiwa vya karafuu, ambako sheria iliacha kuutambua utumwa mwaka 1897 tu, tunaijua adabu hiyo na tunajua inaficha nini. La pili ni lile la mwisho wa aya, "wenyewe", ambalo mfasiri mwenye haraka angeliona kuwa ni la ziada, sentensi inasimama bila yake. Nimeandika "watumwa wangu". Na "wenyewe" nimeliacha mahali pake.