Ndege za Wanahewa na Haki ya Soy

Kenya tumezoea kuzipenda ndege za kivita kwa dakika chache tu. Siku ya Jamhuri, F-5 za Jeshi la Wanahewa hupita juu ya uwanja, ardhi hutetemeka, watu hupiga vifijo, na kabla mlio haujaisha macho yamekwisha kurudi jukwaani. Hoja yangu ni kwamba mapenzi haya hayatakomaa hadi tuzihifadhi ndege zilizostaafu pamoja na historia yao yote, ya fahari na ya uchungu. Maonyesho ya ndege yaliyofanyika bustani ya Uhuru mnamo Mei 2022, wanajeshi wakishirikiana na Makavazi ya Taifa, yalikuwa mwanzo mzuri. Lakini yalikuwa Nairobi, kama kawaida. Makurutu wa wanahewa hujifunza gwaride Eldoret, katika kambi ya Moi, na vijana wa Soy, kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kitale, hukua wakijua jamaa waliovaa sare. Watu wa barabara hii, wanaojulikana kwa mahindi na kwa reli iliyopita hapa ikielekea Kitale mwaka 1926, wana haki ya kuiona ndege kwa karibu.

Tazama yaliyozipata Strikemaster. Jeshi la Wanahewa liliundwa tarehe 1 Juni 1964, likaanza na ndege za pangaboi. Kuanzia 1971 likapokea Strikemaster sita kutoka Uingereza, ndege za jeti ambamo mwalimu na mwanafunzi huketi bega kwa bega, na mabawa yanaweza kubeba mabomu na roketi. Marubani wetu wa mwanzo wa jeti walifundishwa humo. Baadaye zikaja Hunter, kisha F-5. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Strikemaster ziliuzwa Botswana, na kutoka huko baadhi zikanunuliwa na wapenzi wa ndege za zamani ng'ambo. Kuziuza halikuwa kosa, kwani jeshi huhitaji pesa za ndege mpya. Kosa, kwa maoni yangu, ni kutobakiza hata moja kwa ajili ya watoto wetu.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni mashine za kuua, na kwamba wanahewa ndio waliotutia hofu kwa jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982. Ni kweli. Ndege zilirushwa kutoka Nanyuki ili kuishambulia Nairobi, na marubani waliolazimishwa wakayatupa mabomu yao msituni. Hezekiah Ochuka, kiongozi wa jaribio hilo, alitorokea Tanzania kwa ndege ya Buffalo. Jeshi lenyewe likavunjwa na jina lake halikurudi hadi 1994. Lakini hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuhifadhi: ndege isiyo na maelezo huwa sanamu ya kusifia nguvu, ilhali ile inayosimuliwa pamoja na 1982 yake humfundisha mtoto kwamba silaha inahitaji sheria juu yake.

Gharama ni pingamizi zito zaidi, kwa kuwa kaunti ina hospitali zinazohitaji dawa. Hata hivyo, ndege iliyotolewa injini na silaha haihitaji mafuta wala rubani; inahitaji paa, rangi na mtunzaji. Kinachokwenda mbio ni umri wa mafundi waliozihudumia Strikemaster na Hunter, ambao sasa ni wazee. Kumbukumbu zao zirekodiwe hata kabla F-5 ya kwanza haijatafutiwa mahali pa kuegeshwa.