Matembezi ya milimani na mbwa

Matembezi ya milimani na mbwa ni safari za miguu kwenye vilima, milima na nyanda za juu ambamo mtu huongozana na mbwa wake. Hufanywa kwa ajili ya mazoezi na burudani, au kama sehemu ya kazi kama uchungaji. Katika Afrika ya Mashariki sehemu kubwa ya milima mirefu imo ndani ya hifadhi za taifa, ambako mbwa wa kufugwa haruhusiwi. Kwa hiyo matembezi haya hufanyika zaidi kwenye vilima vya pembezoni mwa miji na kwenye njia za vijijini. Sababu kubwa ya mipaka hiyo ni magonjwa ambayo mbwa asiyechanjwa anaweza kuwaambukiza watu na wanyamapori.

Historia

Mbwa wametembea milimani na binadamu tangu zamani, hasa pamoja na wachungaji na wawindaji. Katika milima ya Alpi, watawa wa kituo cha wasafiri cha Mtakatifu Bernardo, kilichopo kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,400 kati ya Uswisi na Italia, walifuga mbwa wakubwa waliosaidia kutafuta watu waliopotea kwenye theluji. Katika Afrika ya Mashariki wafugaji huwa na mbwa wanaolinda mifugo dhidi ya fisi na chui, na katika misitu ya pwani mbwa wametumika kuwinda wanyama wadogo. Matembezi ya burudani ni desturi ya karibuni zaidi. Mijini mbwa wengi bado hufugwa kwa ajili ya ulinzi wa nyumba.

Mahali

Vilima vya Pugu

Kwa wakazi wa Dar es Salaam vilima vilivyo karibu ni vile vya Pugu, kusini-magharibi mwa jiji. Kutoka Gongo la Mboto, kata ya Wilaya ya Ilala, barabara hupanda kuelekea Pugu Kajiungeni, ambapo njia ya Kisarawe huachana na ile ya Chanika. Vilima hivi si virefu: sehemu za juu hukaribia mita 300 tu juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo vina miteremko, mabonde na msitu wa asili ambao hauonekani tena mahali pengi karibu na jiji.

Msitu wa Pugu na ule wa jirani wa Kazimzumbwi, katika Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Wageni huingia kwa kibali na kulipa ada, hivyo mwenye mbwa hana budi kuuliza langoni kabla ya kuingia naye. Humo wanaishi komba wa Rondo, mmoja kati ya komba walio hatarini zaidi kutoweka, na sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga anayetafuta wadudu kwenye majani makavu. Sange huwindwa kwa mbwa katika misitu ya pwani, kwa hiyo mbwa aliyeachwa huru msituni huleta madhara hata kama mwenye naye hakukusudia kuwinda. Pugu pia kuna mashimo ya zamani ya kuchimba kaolini ambamo popo wengi hukaa. Si mahali pa kumwingiza mbwa.

Nje ya msitu kuna njia za miguu zinazopita kati ya mashamba na makazi, ambazo mtu anaweza kuzitumia na mbwa wake akiwa amemfunga kamba.

Hifadhi za taifa na milima mingine

Kilimanjaro (mita 5,895), Udzungwa na Kitulo ni hifadhi za taifa, na wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi kuingizwa humo kwa matembezi. Katika milima ya Usambara, njia nyingi za Lushoto hupita vijijini na mashambani, nje ya misitu ya hifadhi. Nchini Kenya, msitu wa Karura jijini Nairobi unajulikana kwa kuruhusu mbwa kwa sharti la kufungwa kamba.

Magonjwa

Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa unaojulikana zaidi kwa mbwa, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Watafiti walihusisha mlipuko huo na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, na baadaye kampeni za kuwachanja mbwa hao zilianzishwa. Katika milima ya Bale nchini Ethiopia, kichaa cha mbwa kilichotoka kwa mbwa wa wafugaji kiliua mbweha-wekundu wa Ethiopia wengi katika miaka ya 1990 na tena mwaka 2003. Wanyama hao, ambao huishi katika nyanda za juu za nchi hiyo peke yake, wamebaki mia chache tu.

Kwa binadamu hatari kubwa ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Watoto ni sehemu kubwa ya wanaoumwa. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu kila mara hufa. Lakini ugonjwa huzuilika kabisa ikiwa aliyeumwa ataosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kwenda kituo cha afya kupata chanjo bila kuchelewa. Jeraha dogo au mkwaruzo pia huhesabiwa.

Kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo hutosha kuzuia ugonjwa usienee. Kisiwa cha Pemba kiliufuta ugonjwa huu kwa njia ya kampeni za chanjo ya mbwa. Mtoto wa mbwa huanza kuchanjwa akifikisha umri wa miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, kwa kawaida kila mwaka. Chanjo ya kichaa haimkingi mbwa na distempa. Hiyo ina chanjo yake.

Afya ya mbwa safarini

Mbwa hutoa jasho kidogo tu kwenye nyayo. Hupoza mwili hasa kwa kuhema akiwa ametoa ulimi. Katika hewa yenye unyevu mwingi kama ya pwani, njia hiyo haifanyi kazi vizuri, hivyo joto humzidi upesi, hasa kati ya Desemba na Machi. Matembezi hufaa kuanza alfajiri na kumalizika kabla jua halijawa kali. Mbwa anayeyumba, kutokwa mate mazito au kutapika apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe na kufikishwa kwa daktari wa mifugo.

Kupe hueneza magonjwa ya damu, kwa hiyo masikio, kwapa na katikati ya vidole hukaguliwa baada ya safari. Penye mbung'o, mbwa anaweza kupata nagana. Nyoka kama kifutu na swila huuma mbwa anayechimbua vichakani.

Adabu njiani

Watu wengi huogopa mbwa, na kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, walio wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi na mahali palipoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa sababu hiyo mwenye mbwa humvuta karibu na kusimama pembeni anapokutana na wapita njia, hasa watoto, na humweka mbali na visima, mifugo na kuku. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze na asimtese.

Tazama pia

Kichaa cha mbwa
Mbwa
Misitu ya pwani ya Afrika Mashariki
Pugu