Kabla ya Rugomora Kulikuwa na Wahunzi

Sinema inayorudi nyuma kutuonyesha shujaa kabla hajawa shujaa ina mtihani mmoja: mwisho wake tunaujua. Wolverine hawezi kufa katika filamu ya mwaka 2009 inayoeleza asili yake, maana tulishamwona akitoa makucha katika X-Men ya mwaka 2000. Sasa kwenye benchi la ukumbi wa video tunakaa kutazama nini?

Mimi nasema utamu hauko kwenye "nini kitatokea". Uko kwenye "ilianzaje, na nani aliyegharamia". Filamu ile ya Wolverine ilichemsha hapo. Ikatuonyesha hata koti la ngozi alilitoa wapi, hata kumbukumbu zake zilivyofutika. Jamani! Siri zote zikaanikwa juani kama kahawa, jamaa akabaki mtu wa kawaida tu mwenye hasira. Batman Begins ya mwaka 2005 ilijua zaidi, kwani ilimwacha Bruce Wayne awe mwoga kwanza.

Lakini ndugu msomaji, mtindo huu Hollywood hawakuubuni wao. Sisi wa Bukoba na Muleba tumelelewa nao. Watawala wa Karagwe, wa Ihangiro (ndiyo Muleba ya leo) na wa Kyamutwara walijinasibu kwa Ruhinda. Huyo ndiye shujaa wa sinema ya kwanza. Kisha ukiuliza kabla ya Ruhinda alikuwepo nani, unaambiwa Wamara, mkuu wa Wachwezi, na simulizi nyingine humfanya Ruhinda kuwa mwanawe. Kila msikilizaji anajua Wachwezi walitoweka. Bado anasogeza kigoda karibu. Eti Wamara alishuka kuzimu kwa Kintu, akapewa ng'ombe na mbegu, akaahidi kurudisha shukrani, akasahau. Kintu akamtuma Rufu, yaani Kifo, kudai deni. Unasikiliza huku unataka kumpigia kelele: bwana, kumbuka! Na hakumbuki kamwe.

Hadithi hiyo ilikuwa na kazi nyingine pia. Mtawala aliyetoka kwa Ruhinda, na Ruhinda kwa Wamara, nani atamwuliza hii nchi kaipataje?

Tazama Rugomora Mahe, mtawala wa Kyamutwara anayekadiriwa kuishi karne ya 17. Wazee walisimulia kwamba aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, nao ukaanguka. Pale Katuruka, karibu na Maruku, palikuwa na mti mkubwa ulioitwa Kaiija, na wazee walisema hapo ndipo chuma cha mnara kilifuliwa. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alikuja huko mwishoni mwa miaka ya 1960, akawasikiliza wazee kabla ya kushika koleo. Alipochimba kwenye mti huo akakuta kweli mabaki ya kazi ya chuma. Ila hayakuwa ya Rugomora. Yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu moja kabla yake!

Hapo ndipo mwili unanisisimka. Wazee hawakudanganya kuhusu mahali. Kumbukumbu ya chuma ilishikilia shina la mti karne zote hizo. Kilichobadilika ni mwenye sifa. Schmidt mwenyewe aliona kwamba ukoo wa kifalme ulijitwalia mahali pa heshima pa wahunzi waliotangulia, ukapandikiza jina la mtawala wake juu ya jasho lao. Hao wahunzi majina yao hatunayo. Wangekuwa na filamu yao, ingekuwa ya mkaa, mifuo na udongo, na mfalme angetokea dakika ya mwisho kuchukua makofi.

Nani wa kuisimulia? Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligunduliwa hapa Kagera, na miaka iliyofuata maradhi yalipita nyumba kwa nyumba. Waliokufa wengi walikuwa vijana na watu wazima, wale ambao wangepokea masimulizi kutoka kwa wazee. Schmidt aliporudi Katuruka miaka ya 2000, wengi wa waliomsimulia hawakuwepo tena, na Kaiija ilikuwa imeshakatwa. Wanakijiji wenyewe wakaanza kukusanya yaliyobaki, wakiwafuata hata akina bibi ambao zamani hakuna aliyewauliza kitu.