Maji ya Shari na feni za Bunia

Bunia si mji wa joto kali. Tuko uwandani juu, kama mita 1,275 kutoka usawa wa bahari, na mgeni wa kutoka Kisangani akilala hapa usiku huomba blanketi. Joto lenyewe liko chini, Kasenyi na Tchomia, kando ya Ziwa Albert, ambako maji yako kwenye mita 620 hivi. Ukiteremka kwa barabara ya Bogoro, joto linakupokea njiani. Mteremko ule peke yake huongeza takriban nyuzi 4. Hata hivyo feni ninazoletewa kutengeneza, au vantilateri kama wateja wangu wanavyosema, nyingi zinatoka hapa hapa mjini: Nyakasanza, Mudzipela, Lumumba, Saio. Zinakuja kwa wingi kuanzia Desemba hadi Februari, vumbi linapotanda na mabati yanapolia mchana. Nimekuwa fundi wa umeme tangu ujana wangu, na nimeifikiria sana sababu yake. Naiona kwenye nyumba zetu: tulivyozijenga zamani na tunavyozijenga leo.

Babu zetu, wafugaji na wakulima wa Ituri, walilala chini ya nyasi. Paa la nyasi nene halipitishi jua, na moshi na hewa ya moto hupenya juu taratibu na kutoka. Ukuta wa udongo hukawia kupata moto, na jioni ukishapata, nje kumeshapoa. Aliyetaka upepo alitoka kukaa chini ya mti.

Umeme ulifuata dhahabu. Dhahabu ilipatikana Kilo, hapa Ituri, mwaka 1903, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya migodi ya Kilo-Moto. Mashine za kusaga mawe zilitaka nguvu kubwa, na nguvu ilikuwepo karibu: mto Shari, unaoanguka kwa kasi kwenye mawe. Wabelgiji wakajenga mitambo ya maji pale Soleniama, kisha Budana. Kwanza ilikuwa ya mgodi. Mji ulipewa sehemu yake, na ndani ya mji walianza kuipata wachache: nyumba za wakubwa wa kampuni, ofisi, maduka ya Wagiriki. Taa ilitangulia, feni ikafuata.

Chombo chenyewe wakati ule hakikuwa na miaka mingi duniani. Mmarekani Schuyler Skaats Wheeler alitengeneza feni ya mezani miaka ya 1880, mabawa mawili tu juu ya mota, bila kikapu cha kuzuia vidole. Miaka michache baadaye Philip Diehl, fundi wa mashine za kushonea, akaitundika mota darini na kuipa mabawa marefu. Mwaka 1888 Nikola Tesla alipata hataza za mota inayotumia umeme wa kupishana, na hiyo ndiyo iliyotufaa sisi. Ni mota nyepesi: waya wa shaba umezungushwa kwenye chuma, na katikati kuna kipande kinachozunguka bila kuguswa na brashi yoyote. Ndiyo maana feni ya kizazi cha babu bado inaweza kufufuliwa kwa mafuta ya cherehani na kitambaa safi.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa amevuta waya kwenye nyumba za mgodi, na alinipeleka kuziangalia kabla hajaniruhusu kushika koleo. Alitaka nione nyumba kwanza, umeme baadaye. Barza pana mbele na nyuma, jua lisiguse ukuta wa chumba. Dari ya mbao, na juu yake nafasi tupu chini ya bati, yenye matundu pande zote mbili ili joto la bati litoke lisishuke. Vyumba virefu kwenda juu. Madirisha yanayotazamana, upepo ukiingia huku utoke kule. Chini ya dari ile feni ilizunguka polepole, na polepole ilitosha, kwa sababu hewa ya chumba ilikuwa imeshapoa. Nyumba zile zilijengwa kwa jasho la watu waliolazimishwa kufanya kazi, na watoto wao hawakualikwa kukaa barzani. Sisahau hilo. Lakini mikono iliyojenga ilikuwa ya watu wetu, na ujuzi ule ni urithi wetu vilevile.

Mwaka 1966 serikali ilichukua mgodi. Mwaka 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka ya wageni yawe mikononi mwa Wazaire, na mengi ya hapa yakafungwa au yakabaki na rafu tupu. Vipuri vikakosekana. Mafundi wa rika la mwalimu wangu walijifunza kusuka upya waya wa mota kwa mkono, kuhesabu mizunguko kwa sauti, kuazima bawa la feni moja na kulitia kwenye nyingine. Mitambo ya Shari ilizeeka bila kutunzwa ipasavyo, na umeme ukaanza kuja na kwenda.

Kisha vita vya Ituri, 1999 mpaka 2003. Mwezi wa tano 2003 watu waliuawa ndani ya mji wenyewe, na mwezi wa sita jeshi la Ulaya liliingia kwa operesheni iliyoitwa Artemis. Historia ya miaka hiyo imeandikwa na wengi, nami sina cha kuongeza ila jambo moja nililoliona kazini: vita vilifunga madirisha. Waliorudi kujenga baada ya kuunguliwa walijenga kwa woga, na walikuwa na haki ya kuogopa. Dirisha likawa dogo, likawekwa chuma, na nyuma ya chuma likaja bati la kufunga kwa ndani kuanzia saa kumi na mbili jioni. Matundu ya juu ya ukuta yakazibwa. Dari ikaachwa kwa sababu ya gharama. Bati tupu, ukuta wa matofali, mlango mmoja, familia ya watu wanane. Chumba hicho hukusanya joto mchana kutwa na kulishikilia hadi usiku wa manane, wakati nje pana baridi nzuri ya Bunia ambayo haikugharimu kitu.

Humo ndimo feni ilimoingia kwa wingi. Amani ilipotulia kidogo, mizigo ilianza kupita tena kutoka Kampala, kwa Mahagi na kwa ziwa, na ndani yake feni za plastiki za Kichina ambazo hata mwalimu wa shule aliweza kununua moja. Kila mtaa ukawa na mwenye grupu, yaani jenereta, anayewagawia majirani umeme wa jioni kwa waya. Baadaye zikaja paneli za sola na feni ndogo za volti 12, zinazokula wati 10 au 20 tu, wakati ya mezani ya kawaida hula 40 hadi 60. Nafurahi kuona mama mjamzito anaweza kupepewa Bunia bila kungoja maji ya Shari. Ila watu wengi wanaitegemea feni kwa kazi isiyoiweza.

Feni haitengenezi baridi. Inasukuma hewa, na hewa ikipita kwenye ngozi inakausha jasho, na jasho likikauka mwili unapoa. Ikizunguka katika chumba kisicho na mtu haipozi chochote. Mota inaongeza joto dogo na umeme unakwisha. Zima ukitoka. Ngozi yetu ina nyuzi kama 35; hewa ikishapita hapo upepo wa feni wenyewe unaanza kutuletea joto, na jasho pekee ndilo linalotupoza, na Shirika la Afya Duniani linashauri isitumiwe kabisa hewa ikizidi nyuzi 40. Nje Bunia haifiki huko. Lakini chini ya bati tupu, saa nane mchana, na dirisha limefungwa, sishangai mgonjwa anapozidiwa huku feni ikimvumia usoni. Mtoe nje, mweke kivulini, mpe maji, mlowanishe ngozi kwa kitambaa, ndipo feni itafanya kazi yake.

Jioni ndiyo saa ya feni katika mji huu. Jua likishazama, fungua madirisha mawili kabla ya muda wa kufunga. Weka feni karibu na moja, ikitazama nje, isukume joto litoke. Hewa ya baridi itaingia yenyewe kwa dirisha la pili. Baada ya hapo funga, igeuze kwenu, ipunguze mwendo. Wateja wangu waliojaribu wanalala vizuri zaidi. Na chandarua kibaki mahali pake: upepo unamsumbua mbu ila haumzuii, na malaria Ituri inaua watoto.

Hatari sasa. Feni nyingi zilizonifikia zimeungua hazikuchoka kwa uzee. Umeme unapokuwa dhaifu, volti 150 badala ya 220, mota haina nguvu ya kuanza. Inanguruma tu, bawa limesimama, na waya ndani unapata moto. Ukisikia mngurumo bila mzunguko, chomoa papo hapo. Nyumba moja Mudzipela walikuwa wamezoea kutundika kanga ya mtoto kwenye kikapu cha feni. Umeme ukakatika jioni, wakalala bila kuzima. Uliporudi usiku, kanga ilikuwa imenyonywa kwenye mabawa. Mota ikaiva, plastiki ikadondokea godoro. Majirani waliwahi na mchanga, na watoto walitoka wazima. Tangu siku ile simkabidhi mteja feni kabla hajanisikiliza: umeme ukikatika, weka swichi kwenye sifuri, usianike nguo juu yake, kitanda na pazia vikae mbali.

Waya nao. Naona ralonji, waya wa kurefushia umeme, nyembamba kama uzi wa kiatu ikibeba feni, pasi na jiko, maungio yamefungwa kwa mfuko wa plastiki, na juu yake mkeka. Ukiugusa waya ukasikia moto, umeshapata onyo lako. Feni usiishike kwa mkono wenye maji. Mara moja kwa mwezi wakati wa vumbi, chomoa, fungua kikapu, futa mabawa na matundu ya nyuma ya mota, kisha rudisha kikapu kabla mtoto hajafika. Na grupu likae nje, mbali na dirisha, kwa sababu moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu ya kukuamsha, na feni itaivuta mpaka kitandani.

Kuna watu wa Bunia ambao yote haya hayawafikii. Kule kambini Kigonze, familia zilizokimbia vijiji vyao zimekaa miaka chini ya mahema ya plastiki. Mchana hemani hapakaliki, na feni hapo, hata ingekuwepo, ingezungusha moto ule ule. Wanachohitaji ni kivuli: miti, nyasi juu ya plastiki, nafasi kati ya hema na hema. Wanaopanga misaada wangewauliza wazee wa hapa jinsi nyumba ya nyasi inavyopumua.

Na wewe unayejenga mwaka huu, kabla ya kutafuta feni ya pili, weka dari. Kama pesa hazitoshi kwa mbao, mikeka iliyoshonwa vizuri inasaidia, mradi waya usipite juu yake bila bomba. Mwambie mwashi aache matundu juu ya ukuta, pande mbili, na ayafunge kwa wavu wa chuma wenye vitundu vidogo: mwizi hapiti, mbu hapiti, hewa inapita. Fundi yeyote wa Bunia anajua kufanya hivyo. Anangoja tu uagize.