Zawadi ya Dola Milioni 10 na Njia ya Kwenda Anga za Juu

Tangu Yuri Gagarin aizunguke dunia mwaka 1961, kwa zaidi ya miaka 40 hakuna binadamu aliyefika anga za juu kwa chombo ambacho hakikuwa mali ya serikali.

Mwaka 1996, mjini St. Louis, Marekani, Peter Diamandis alitangaza kwamba ukiritimba huo unaweza kuvunjwa. Aliahidi dola milioni 10 kwa kundi la watu binafsi litakalounda chombo cha watu watatu, likirushe hadi kilomita 100, kisha kiruke tena katika muda wa wiki mbili. Fedha za serikali zilikatazwa. Diamandis aliiga zawadi ya dola 25,000 iliyotolewa mwaka 1919 na Raymond Orteig, mwenye hoteli, ambayo Charles Lindbergh aliishinda mwaka 1927 kwa kuruka peke yake kutoka New York hadi Paris.

Tofauti ni kwamba Diamandis alitangaza zawadi akiwa hana fedha zenyewe. Hatimaye zilipatikana kwa njia ya bima, kwa msaada wa familia ya Anousheh Ansari, mzaliwa wa Iran. Kampuni ya bima, kwa lugha nyepesi, ilicheza kamari kwamba hakuna atakayefaulu kabla ya mwaka 2004 kumalizika.

Makundi 26 yalijiandikisha. Wakanada walikusudia kuinua roketi yao kwa puto. Katika jimbo la Texas alikuwapo John Carmack, mtunzi wa michezo ya kompyuta. Wengi walikuwa na ari kuliko mtaji. Burt Rutan wa Mojave, California, alikuwa na vyote viwili, kwani tajiri Paul Allen alimpa zaidi ya dola milioni 20. Kwa hesabu za duka, huo ni ushindi wa hasara.

Chombo chake, SpaceShipOne, kilibebwa na ndege hadi karibu kilomita 14, kikaachiwa, ndipo roketi ikawashwa. Ustadi mkubwa ulikuwa katika kushuka: sehemu ya nyuma ya mabawa, pamoja na mkia, ilikunjwa kuelekea juu, na chombo kikarudi polepole mithili ya unyoya.

Tarehe 29 Septemba 2004, rubani Mike Melvill, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyepita umri wa miaka 60, alijikuta akizungushwa mara 29 huku chombo kikipaa. Alizima injini mapema, na bado akavuka kilomita 100. Siku tano baadaye, Brian Binnie alifika kilomita 112 na zawadi ikapata mwenyewe. Ilikuwa tarehe 4 Oktoba, miaka 47 kamili tangu Wasovieti warushe Sputnik.

Safari za abiria, ambazo wengi walizitarajia kwa haraka, zilichelewa. Mwaka 2007, mlipuko wakati wa jaribio la mfumo wa roketi huko Mojave uliwaua wafanyakazi watatu. Tarehe 31 Oktoba 2014, chombo kilichorithi muundo wa Rutan kilivunjika angani. Rubani msaidizi, Michael Alsbury, alikuwa ameifungua mapema mno komeo ya mkia ule ule unaokunjwa. Alifariki, mwenzake alinusurika kwa parachuti.